Mimi na Mama Mkwe Tulivyoenda Kuona Nyumbu

Jumapili ile mliponizunguka nje ya kanisa mkitaka kujua safari ilikuwaje, nilisema tu ilikuwa nzuri, nikasingizia kwamba chai inapoa. Sikuwa nawaficha. Jambo lenyewe halingesimulika kwa kusimama. Leo Neema yuko shuleni, cherehani nimeifunika, na mvua ya manyunyu haijaacha tangu asubuhi. Nitawaeleza tangu mwanzo. Mambo ya kutafuta nafasi na kujaza makaratasi nitayaruka, hayana utamu wowote.

Kabiria

Safari hii ilikuwa ya Wafula, mume wangu. Wafula alikuwa fundi wa vioo, na siku moja akiweka madirisha kwenye jumba refu la Westlands, aliwaona nyumbu wakivuka mto kwenye televisheni kubwa iliyokuwa pale mapokezini. Jioni hiyo alirudi, akamwaga maharagwe makavu mezani, akalaza kisu katikati. Kisu kilikuwa mto. Akawa anasukuma maharagwe kwa kidole huku binti yetu Neema akipiga kelele kwamba mamba wanakuja. "Agosti tutaenda," akasema.

Kila Agosti ilikuja na lake. Mara kazi imemshika, mara ndugu anaoa, mara Neema ana tetekuwanga. Mwaka jana ilikuja na ugonjwa wake mwenyewe, na haukukawia. Tulimzika kwao Bungoma, mbele ya nyumba ya mama yake.

Baada ya miezi michache, Mama, yaani mama mkwe wangu, akaja kututembelea hapa Kabiria, Nairobi. Alisema ni wiki moja, kisha hakutaja tena habari ya kuondoka. Tuliishi kwa adabu kama wageni wawili waliopewa chumba kimoja. Niliamka nikakuta vyombo vimeoshwa. Yeye aliamka akakuta nimeshachemsha maji yake ya kuoga. Wafula hatukumtaja. Kila jioni shemeji yangu Barasa alimpigia simu kutoka nyumbani, na Mama alitoka nayo hadi kwenye kamba za nguo, akazungumza Kibukusu kwa sauti ya chini. Mimi ni Mkikuyu wa Riruta, hapa hapa jirani. Katika maneno yale yote nilishika moja tu: Neema. Kisha tena, Neema. Neema.

Jioni moja ya Julai, baridi ikiwa imetufungia ndani, nilijikuta nimemsimulia habari ya maharagwe. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Twende," akasema.

"Wapi, Mama?"

"Huko Wafula alitaka kwenda. Twende mimi na wewe." Kisha akaongeza polepole, "Kuna neno nataka kukuambia, Mama Neema. Lakini si ndani ya nyumba hii. Nikishaona hao wanyama, nitakuambia."

Nilidhani neno hilo nalijua. Neema ndiye mtoto pekee aliyeachwa na mwanawe, na Barasa ana boma kubwa huko. Mama alikuwa amekuja kumchukua mjukuu wake, akakosa pa kuanzia. Basi tangu siku hiyo nilipanga safari ya kutalii kama mtu anayejipeleka kortini. Nilifua sweta zetu, nikanunua karanga, nikampeleka Neema kwa dada yangu, na katika kila nilichofanya nilikuwa nikitayarisha jibu. Hatoki, Mama. Huyu hatoki. Mbele ya kioo nililisema vizuri sana.

Mjini

Tulitoka kabla ya kucha. Jirani yetu wa teksi alitushusha katikati ya jiji, mahali tulipoambiwa gari la watalii litatukuta. Halikuwepo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabango ya maduka, na taa za barabarani zilielea humo kama mayai. Mwanamke mmoja alikuwa akifagia mbele ya benki. Mwanamume mwingine alipanga magazeti chini, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayetandika kitanda.

Mama alikuwa amevaa kanzu yake ya kanisani, mkono wenye kikapu umefunikwa na leso. Ndani ya kikapu mlikuwa na kuku mzima wa kukaanga, maana hakuamini kwamba huko mbele tungelishwa. Akasimama pembeni mwa barabara, akaanza kuwasalimia watu. Wote.

"Habari ya asubuhi. Umeamkaje, baba? Habari yako, mama?"

Nairobi watu hawasalimiwi hivyo. Wengine walishika mifuko yao wakaongeza mwendo. Lakini kijana mmoja wa suti alipita, akasimama, akarudi.

"Mathe, tunajuana?"

"Hapana," Mama akasema. "Umeamkaje?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Sijalala. Naenda mahojiano ya kazi. Hii ni ya… hata nimesahau ni ya ngapi. Wewe uniombee tu."

Nilidhani anatania. Mama aliniachia kikapu, akamshika mikono yote miwili, akafumba macho, na pale pale, watu wakitupita kulia na kushoto, akaomba. Aliomba kwa Kibukusu. Kijana hakuwa Mbukusu, lakini aliinamisha kichwa mpaka mwisho, akasema amina, akaenda zake huku akijifuta uso kwa tai.

Gari lilipofika, kulikuwa kumekucha kabisa na chai ya kibandani tulikuwa tumekunywa mara mbili. Dereva akaruka nje. "Sasa mamangu! Mimi ni Kiptoo. Poleni, poleni, gari ilikuwa na kisirani, lakini iko sawa." Lilikuwa gari la kijani ambalo paa lake huinuliwa ukiwa mbugani. Mama akalizunguka lote kabla ya kupanda.

Westlands

Tulikwenda kumchukua abiria wa tatu kwenye hoteli ya Westlands. Msongamano ulitukamata tukiwa bado mbali, ukatushikilia. Pikipiki zilipita huku na huku kama maji yanayotafuta mwanya. Kiptoo akazima injini.

"Mama Neema," Mama akasema. Lilikuwa jambo la kwanza alilosema tangu tupande. "Vioo vya Wafula ni vipi?"

Majumba yalikuwa juu yetu pande zote, na vioo vyote vilifanana. Aliwahi kunionyesha, lakini ilikuwa jioni, na nilikuwa nikiwaza bei ya vitunguu. Nilichagua jumba lenye vioo vya samawati, refu kuliko mengine.

"Nadhani ni lile. Sina hakika, Mama."

Mama alifungua dirisha lake, akatoa kichwa nje. Ukungu ulikuwa unapasuka, na mawingu yalipita ndani ya vile vioo, meupe, polepole, kutoka ghorofa hadi ghorofa, kana kwamba jumba lile lilikuwa limejengwa kuzunguka kipande cha mbingu. Alitazama bila kupepesa.

"Amevisafisha vizuri," akasema.

Magari yalianza kusogea. Niligeuza uso upande wangu, na kwa muda mrefu sikuona kitu cha Westlands ila rangi.

Abiria wetu alikuwa mama Mjerumani mwenye nywele nyeupe, jina lake Heike. Alikuwa amejifunza Kiswahili darasani kwao kwa miaka mingi, Kiswahili chenyewe cha vitabuni, kilichopigwa pasi. Alipanda, akamwinamia Mama.

"Shikamoo, mama."

Mama akanigeukia. "Amesema nishike nini?"

Nikamweleza kwamba ni salamu ya heshima ya watu wa pwani, na jibu lake ni marahaba. Mama aliionja ile marahaba mdomoni, ikampendeza. Kuanzia hapo aliitoa kwa kila neno la Heike. Akiambiwa asante, marahaba. Akiombwa dirisha lifungwe, marahaba.

Karen

Kulikuwa na wengine wawili wa kuchukuliwa mtaa wa Karen, mzee na mkewe. Tukazunguka hadi huko. Barabara zile zimefunikwa na miti mpaka mwanga unafika chini ukiwa wa kijani. Ua baada ya ua, na nyumba huzioni.

"Hii shamba ni ya nani?" Mama akauliza.

"Si shamba, Mama. Ni nyumba tu."

"Na hawa wanasalimiana vipi?"

Kiptoo akapiga honi kwenye lango moja jeusi, tukasubiri. Akapiga tena. Tukasubiri hadi Mama akafungua kikapu, akaanza kugawa kuku. Heike alipewa paja, akalishika kwa vidole viwili, kisha kwa mkono mzima. Hatimaye mlinzi akatokea, kofia mkononi.

"Hao watu walienda jana," akasema.

"Walienda wapi?" Kiptoo akauliza.

"Huko kwa wanyama."

"Na nani?"

"Na gari kama hii yenu."

Kiptoo akapiga simu ofisini kwao, akasikiliza, akaiweka simu chini, akacheka mpaka akalalia usukani. Tukampa mlinzi bawa la kuku, tukaondoka na viti viwili vitupu. Tulipokuwa kwenye barabara ya kukwepa mji, tukielekea Kikuyu, Mama akanigusa bega. Upande wa kulia, ng'ambo ya bonde, mabati yalimetameta.

"Pale si kwetu?"

Palikuwa Kabiria. Tulitoka gizani, tukazunguka jiji zima, na sasa tulikuwa tukipita nyuma ya nyumba yetu wenyewe. Nilicheka na Kiptoo. Sikutilia maanani neno alilolitumia.

Bondeni

Pale juu ya Mai Mahiu barabara inapoanza kushuka, tulisimama. Mawingu yalikuwa chini yetu. Yalijaa bonde lote kama maziwa kwenye sufuria pana, na kilele cha Longonot kilijitokeza humo peke yake. Hata wauza ngozi za kondoo walikuwa wakiyatazama. Baadaye, tulipokuwa tumeshuka ndani ya mawingu hayo na kutokea upande wa chini kwenye jua, nilisinzia, nikaota Wafula anasukuma maharagwe barabarani na magari yote yamesimama kumngoja. Niliamka Narok, njaa ikiniuma.

Hotelini, Heike, aliyekuwa bado ameshiba kuku wa Mama, akamwambia mhudumu, "Naomba mboga pekee, tafadhali." Mhudumu akaleta mbuzi wa mchuzi. Heike akasema kwa upole kwamba ameomba mboga. Mhudumu akamjibu kwa upole zaidi, "Ndiyo, mama. Mboga ya leo ni nyama." Wakatazamana, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Mama alimsogezea kabichi yake. "Marahaba," akasema Mama, kabla ya mwenzake kushukuru.

Mbugani

Tuliingia Mara kwa lango la Sekenani jua likiwa limelala upande. Nyasi zilikuwa za dhahabu hadi mwisho wa macho. Mwanzoni nilidhani naona vivuli vya mawingu kwenye mteremko. Kisha vivuli vikaanza kutembea.

Kiptoo akainua paa. Mama alivua viatu, akapanda kwenye kiti, mimi nikimshika kiuno, akatoa kichwa nje. Tukasogea polepole hadi wakatuzunguka. Sikujua kwamba wana sauti. Wanaguna, kila mmoja kwa zamu yake, kama watu wazima wanaokubaliana na hotuba, na kuguna huko kulitoka kila upande na hakukuwa na mwisho. Upepo ulileta harufu ya samadi na nyasi zilizokatwa. Pundamilia walisimama kati yao wakiwa wasafi kupita kiasi. Ndama mmoja alitembea mbele ya gari letu bila haraka, na Kiptoo akamfuata nyuma nyuma kama msindikizaji.

"Hawa si punda," Mama akasema kutoka juu.

"Sikusema ni punda, Mama."

"Ulisema nyumbu. Mimi najua nyumbu ni yule mtoto wa punda."

Nilimtazama. "Kwa hivyo ulikubali kusafiri kote huku kuona punda?"

"Wafula ndiye alikuwa anataka kuja. Nikasema, kama moyo wake ulitaka punda, twende tuone punda."

Alikaa kule juu mpaka jua likazama na mgongo wangu ukaanza kuuma. Nilingoja neno. Nilikuwa na jibu langu tayari. Lakini aliposhuka alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na alichosema ni kwamba anataka chai.

Kambini tulipewa hema moja, vitanda viwili. Mama aliingiza miguu chini ya blanketi, akapiga mayowe, akaruka hadi kitandani kwangu. "Kuna kitu! Kina joto! Kinapumua!" Kilikuwa chupa ya mpira yenye maji moto, wanawawekea wageni kwa sababu ya baridi. Tulicheka mpaka hema likatikisika. Na tulipomaliza kucheka hakurudi kitandani kwake. Alilala pale pale kando yangu, chupa yake kifuani, na nyumbu wakiguna mbali.

Mtoni

Asubuhi Kiptoo alitupeleka Mto Mara. Kundi kubwa lilikuwa limefika ukingoni, upande wa ng'ambo. Magari mengine yalisimama mbali mbali, kimya. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na viboko walilala humo kama mawe.

Nyumbu wa mbele walishuka hadi majini, wakainamisha vichwa. Nyuma yao vumbi likapanda, wote wakasukumana. Heike akainua darubini yake. Kisha mmoja akashtuka, hatujui kwa nini, na kundi lote likageuka na kupanda tena. Baadaye wakashuka tena. Wakageuka tena. Jua lilipanda. Nyama baridi tuliyofungiwa kambini ikaliwa, karanga zikaisha. Heike alisinzia na darubini shingoni. Nami nikawa mahali pale kati ya usingizi na kuamka, ambapo sikujua ni vumbi ninaloliona au ni kope zangu.

"Mama Neema."

Nikafungua macho. Mama alikuwa akitazama mto.

"Neno langu," akasema.

Nikaketi wima. "Nasikia, Mama."

"Pale nyumbani, nikifungua mlango asubuhi, Wafula ndiye wa kwanza, pale kaburini. Kabla ya kuku, kabla ya ng'ombe. Namsalimia. Hajibu." Alivuta leso yake. "Barasa anasema nirudi. Kila siku, rudi, rudi, mzee hawezi kukaa mjini. Nami namwambia Neema ni mgonjwa. Leo kikohozi, kesho tumbo. Nimemgonjesha mtoto wa watu mpaka naogopa Mungu atanikasirikia."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Bado nilikuwa nimeshikilia jibu langu, lile la mbele ya kioo.

"Mama, unamtaka Neema?"

"Neema nitampeleka wapi?" Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Nataka kukaa. Kwako. Najua nyumba ni ndogo. Najua wewe ni msichana bado, siku moja atakuja mtu, na mimi nitakuwa pale kama kabati. Siku hiyo nitaondoka mwenyewe, hutanifukuza. Lakini sasa, kama unaniruhusu, nisirudi kuufungua ule mlango."

Nililia vibaya. Nililia kama sikuwahi kulia Bungoma, ambako kulikuwa na watu wengi mno wa kupikia. Nilitaka kusema ndiyo na sauti ikakataa, basi nikamshika mikono, na yeye akafikiri nakataa, akaanza kusema si kitu, si kitu, mwanangu, nilikuwa nauliza tu.

Kelele zetu zikamwamsha Heike. Akatutazama, akatazama mto, akawaona nyumbu bado wako ng'ambo. Uso wake ukajaa huruma. Akainama, akaniwekea mkono begani.

"Usilie, dada yangu," akasema kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka. "Nina hakika kwamba watavuka kesho."

Mama akacheka kwanza. Kisha mimi. Kiptoo, ambaye alikuwa amesikia yote akijifanya anasoma dashibodi, akatoka nje ya gari ingawa ni marufuku, akajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo, akarudi ndani.

"Kaa, Mama," nikasema nilipoweza. "Usiondoke. Hata huyo mtu akija, atakukuta."

"Marahaba," akasema Mama.

Hawakuvuka. Tuliwaacha pale ukingoni wakila, maana safari ya kurudi ilikuwa ndefu.

Kupanda kurudi

Njia nzima Mama alilala, kichwa chake begani kwangu, mzito kama wa mtoto. Vumbi la Narok, ngano iliyovunwa, kondoo barabarani, vyote vilipita dirishani, na sikuwa na haraka ya kufika popote. Tulipoanza kupanda kutoka Mai Mahiu, gari likinguruma nyuma ya malori, bonde likizidi kuwa la zambarau upande mmoja, simu yake ikalia. Ilikuwa saa ya Barasa.

Mama aliamka, akaitazama. Hakukuwa na kamba za nguo za kwendea. Akaipokea, na badala ya Kibukusu akasema Kiswahili, kwa sauti, sote tukasikia.

"Barasa. Sirudi. Ng'ombe ni wako, wakamue. Nyumba ifungue, ipate hewa, na umpandie ndugu yako maua pale." Akasikiliza. Kiptoo akapunguza mwendo. "Nimesema nakaa na Mama Neema."

Barasa akasema mengi. Mama akangoja amalize, huku akitazama bonde.

"Hapana," akamjibu. "Neema ni mzima. Ni mimi nilikuwa mgonjwa."